Jua la Bibi Skola

Mimi siamini gari lililosimama. Mkinikuta kando ya lami pale Kizwite nimeganda kama mtu aliyesahau anakokwenda, jueni sijasahau. Nalitazama lori ambalo dereva wake ameshuka, amekaa kwenye benchi la mama lishe anakunywa chai na chapati, nami nangoja. Matairi ya mbele yameelekea wapi? Kuna jiwe nyuma ya gurudumu? Hapo lilipo ni tambarare au ni mteremko? Nikisharidhika ndipo navuka, na hata hapo navuka jicho likiwa kule kule. Vijana wa kijiwe cha bodaboda huniona na kucheka. "Mzee Bendera, hilo limezimwa!" Nawajibu kwamba yaliyozimwa ndiyo ninayoyaogopa zaidi, wanazidi kucheka. Basi kaeni niwaeleze, maana mnacheka msichokijua.

Jina langu ni Anastazi. Hilo la Bendera nimepewa na kazi. Nimeshika bendera nyekundu sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza kwenye reli kule Mpanda, wakati Mpanda bado imo ndani ya mkoa wetu wa Rukwa, halafu kwenye barabara za hapa nyumbani Ufipa. Ni kazi isiyo na sifa. Ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na sijapata kuona mtu akimletea mwenzake kuku kwa sababu ya ajali ambayo haikutokea.

Kule reli nilifundishwa na Mzee Rajabu, Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, mwenye kikohozi na dharau. Sisi tulikuwa walinzi wa geti, pale barabara inapokatisha reli. Treni ikikaribia unashusha kizuizi, unasimama na bendera, unazuia magari, baiskeli, mikokoteni, mbuzi na walevi. Mimi nilipoanza nilikuwa nakodolea macho reli kule treni inakotokea. Mzee Rajabu akanigonga kisogoni kwa kidole.

"Unatazama nini?"

"Treni, mzee."

"Treni itapita wapi?"

"Juu ya reli."

"Kumbe unajua. Sasa unaitazamia nini? Chombo kina njia moja. Binadamu ana njia elfu. Tazama watu."

Nilidhani ni maneno ya kikohozi. Nilikuja kuyaelewa siku ya mtu wa mkokoteni. Alikuwa amebeba magunia ya unga, akafika getini, geti liko wazi. Akatazama huku, akatazama huku, hakuna moshi wala honi. Alipofika katikati ya reli kandambili yake ikakatika. Yule bwana, kwa raha zake, akaketi juu ya reli aitengeneze. Wakati huohuo kinakuja kiberenge. Wengine wenu hamkijui: ni kile kigari kidogo chepesi cha reli, wanachopanda mafundi kwenda kukagua njia. Hakina moshi, hakina mshindo, na kukiwa na upepo wa upande wa pili hukisikii mpaka kimeshakufikia. Mzee Rajabu hakupiga kelele. Aliruka, akamdaka yule mtu ukosi wa shati, wakaangukia wote mtaroni, shati likachanika mpaka kiunoni. Kiberenge kikakwaruza breki zake na kuugonga mkokoteni, unga ukatapakaa, hao mafundi wakashuka weupe kama wametoka kaburini.

Mtu wetu aliamka, akajitazama, akasema, "Mzee, shati langu utalipa." Na alilidai kweli. Kila akipita getini alikuwa akiuliza habari ya shati lake.

Jioni ile Mzee Rajabu aliniambia, "Treni ina adabu, inabisha hodi. Wewe mche kile kinachokuja kimya." Hayo mawili ndiyo elimu yangu yote: tazama watu, na kiogope kinachokuja kimya. Mengine nimejazia njiani.

Zikaja zama za ruksa, biashara zikafunguliwa. Wakubwa wakasema shirika lina watu wengi kuliko kazi, na sisi wa mageti tukawa miongoni mwa watu wengi. Tulipunguzwa. Nilirudi Sumbawanga na sanduku, blanketi na bendera yangu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuniuliza. Nikakuta mji umechangamka kiasi cha kutisha. Zamani gari likipita Mazwi watoto walikuwa wanalijua kwa jina la dereva. Sasa malori yalikuwa yanakuja kununua mahindi kutoka kila upande, mitumba ya magari inaingia, kila aliyeuza ng'ombe kadhaa anataka awe na pikapu. Na madereva! Wengine walikuwa wamejifunza wiki iliyopita, tena kwa kutazama.

Nikapata kazi ya unyapara kwenye genge la kutengeneza barabara ya changarawe. Kazi yetu ilikuwa kuzibua mitaro na kufukia mashimo, lakini kwa kuwa nilikuwa na bendera, kila palipotokea ajali waliniita mimi, utadhani bendera ni dawa. Ndivyo nilivyofika kwa Bibi Skola.

Pale pa kuingilia Kizwite, kabla barabara haijanyooshwa, palikuwa na mteremko mrefu unaoishia kwenye kona. Nyumba ya Bibi Skolastika ilikuwa hapo konani, mlango umetazama barabara. Alikuwa ajuza mjane, mkulima wa ulezi na mahindi, mtu wa kanisani, masikio yake mazito kidogo lakini ulimi mwepesi. Sasa mbele ya nyumba hiyo watu walikuwa wanagongwa na magari. Alianza mpwa wake, akavunjika mguu na baiskeli ikawa chuma chakavu. Akafuata jirani yake, mama mmoja waliyekuwa wakipanda pamoja kila msimu. Yeye alitupwa mtaroni akapona na kovu. Halafu msiba wenyewe: Kaloli, mkwe wake, mume wa binti yake Leokadia, akagongwa na lori la mahindi asubuhi kweupe. Huyo hakupona.

Mnajua sifa ambayo wageni wameupa mji wetu. Mimi sitaisemea, lakini pia sitadanganya kwamba sisi wenyewe hatuna masikio ya mambo hayo. Baada ya mazishi ya Kaloli minong'ono ikageuka maneno. Watu walikuwa na hoja tatu, na nawaambia zilikuwa hoja nzito. Kwanza, ajali zilikuja wakati wa kipupwe tu, ile miezi ambayo upepo wa Ufipa unakata masikio, masika hapana. Pili, zilikuja asubuhi tu. Tatu, na hii ndiyo iliyowamaliza watu, waliogongwa wote walikuwa watu wake. Wafugaji wa Kisukuma walikuwa wakipita pale na makundi ya ng'ombe, wageni kabisa, hakuna aliyepata hata mkwaruzo. Wachuuzi wa kutoka Ilemba walipita na mizigo, salama. Mchawi halagi wageni, watu walisema, anakula wa kwake.

Aliyesema kwa uchungu kuliko wote alikuwa Leokadia mwenyewe. Alikuwa amehama, hamsalimii mama yake, hapiti hata ile njia. "Mume wangu ametoka nyumbani mzima," alikuwa akisema, "amefika mlangoni kwa mama, amekufa. Mnataka niseme nini?" Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Odilo, mtu mpole lakini mwoga wa kelele, akakubali kuitisha kikao. Habari zilizokuwa zinazunguka ni kwamba bibi ataondolewa pale, na kama atabisha wataletwa kamchape, wale watu wanaozunguka vijijini kuwanyoa na kuwanywesha dawa wanaoitwa wachawi. Mwanamke wa umri ule, kipupwe kile, kunyolewa kichwa hadharani na kunyweshwa vitu visivyojulikana. Waliofanyiwa hivyo tuliwahi kuona walivyoishia. Nilipata hofu, na sioni haya kusema.

Mimi nilikuwa na shaka, lakini si shaka yao. Shaka yangu ya kwanza ilikuwa mwendo wa magari, na hapo nilikosea kwa namna ambayo bado inanichekesha. Nilichukua mawe, nikayapaka chokaa, nikayapanga kandokando ya barabara pale konani ili madereva waione kona kwa mbali. Kesho yake nikakuta watu wote wanatembea katikati ya barabara. Katikati kabisa! Nilipouliza, mama mmoja aliyekuwa na debe kichwani alinitazama kwa jicho la pembeni.

"Baba, hayo mawe meupe nani kayaweka?"

"Mimi."

"Ya nini?"

"Ya usalama."

"Hmm," akasema, akazidi kusogea katikati. Mawe meupe mbele ya nyumba ya mtu anayesemwa uchawi! Kwao nilikuwa nimetega dawa. Niliyaondoa siku ileile nikayafukia, na mpaka leo wapo wanaoamini nilikuwa natumwa na mtu.

Ndipo nikakumbuka kile kidole cha Mzee Rajabu kisogoni. Nilikuwa natazama magari. Nikajifanya nazibua mtaro upande wa juu wa kona, nikakaa hapo na koleo asubuhi baada ya asubuhi, nikiwatazama watu. Kazi ya kuchunguza inataka uonekane una kazi nyingine. Ukikaa bure watu watakuchunguza wewe.

Nikaona hivi. Nyumba ya bibi ilikuwa imezibiwa jua la asubuhi. Upande wa macheo palikuwa na jiko la nje, jengo refu la matofali ya udongo, na nyuma yake ua wa minyaa uliopanda kuliko dari. Kwa hiyo wakati wa kipupwe, ua wake mzima ulikuwa barafu mpaka karibu saa sita. Jua lilikuwa linafika mahali pamoja tu: ukingoni mwa barabara, pale konani. Basi bibi alikuwa akitoka na kigoda chake na blanketi, anakaa palepale ukingoni kuota jua. Masika hakuwa na haja. Mchana hakuwa na haja. Kipupwe, asubuhi, basi.

Sasa anapita mtu. Kama ni mgeni, anapita zake. Yule mfugaji, Masunga, ambaye tulizoeana kwa kuombana moto wa sigara, nilimuuliza kwa nini hasimami kumsalimu bibi. Akacheka. "Mzee, namwambia mwangaluka huku natembea. Ng'ombe hawasubiri salamu." Lakini akipita mtu wa bibi, mtu wa hapa, hapiti hivihivi. Ninyi mnajua, au mlipaswa kujua, jinsi Mfipa anavyomsalimu mkubwa. Huwezi kumsalimu umesimama kama mlingoti. Unashuka baiskeli, unailaza, unachuchumaa, unapiga makofi ya taratibu, unainamisha macho, na hunyanyuki mpaka umeitikiwa. Na bibi masikio mazito! Mtu anasalimu, bibi anauliza ni nani, mtu anajitaja, bibi anauliza wa nani, anatajiwa baba na babu, anauliza habari za nyumbani, ng'ombe, mtoto mwenye surua. Muda wote huo mwenzetu kachuchumaa ndani ya barabara, mgongo ameupa mteremko.

Na huko juu linakuja lori la mahindi. Mafuta yalikuwa ghali, na madereva wa zama zile walikuwa na ujanja wao: wakifika kichwani mwa mteremko wanatoa gia, wanazima injini, gari linateremka lenyewe bure. Hakuna mngurumo. Na injini ikizimwa breki nazo zinakuwa nzito na usukani unakuwa mzito, kwa hiyo hata dereva akikuona, anachoweza kukufanyia ni kukuombea. Nilipolisikia la kwanza likinipita pale mtaroni, nilichosikia ni changarawe tu zikisagika chini ya matairi. Kilikuwa ni kiberenge kile kile, kimevaa magurudumu ya mpira.

Na Kaloli? Kaloli alikuwa mkwe. Mkwe hamsogelei mama mkwe. Anachuchumaa kwa mbali, macho chini, hatazami huku wala huku. Ukikaa ukingoni mwa barabara, na mkweo akakaa mbali nawe kwa adabu, atakuwa amekaa wapi? Katikati ya njia. Niliweka koleo chini. Yule kijana aliuawa na adabu yake, na sasa mama aliyeheshimiwa ndiye aliyekuwa anatafutiwa wembe.

Mtadhani nilipokwenda kueleza nilipokewa kwa shangwe. Mzee Odilo alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akaniuliza, "Anastazi, kile kiwanja cha konani unakitaka wewe au umetumwa?" Zama zile kila aliyejipendekeza kwa ajuza mwenye kiwanja cha barabarani alikuwa anataka kufungua duka au gesti. Nikaenda kwa Leokadia, alinifungia mlango. Nikaenda kwa bibi mwenyewe, nikaingia uani, nikasalimu ipasavyo, nikamwomba akae ndani asitoke barabarani.

"Nikae kwenye baridi?"

"Kwa siku chache, bibi."

"Nani kakutuma? Ni wale wanaosema nimekula watu? Wanataka sasa nijifiche, ili waseme mnamwona, anajificha?" Akafunga blanketi lake vizuri. "Mimi nitaota jua langu mbele za watu. Asiye na kosa haoti jua mafichoni."

Kwa hiyo kila mtu alikuwa ananishuku mimi, na mimi nilikuwa namshuku kila mtu.

Kikao kilikuwa Jumapili, baada ya misa ya kwanza. Nilisikia wamekubaliana kwenda wote kwa bibi na kumwambia mbele yake ahame. Watu wengi wangeshuka kwa pamoja, asubuhi, kipupwe, hadi konani. Nikawaza: Jumapili malori yanapumzika. Halafu nikajiuliza ni nani amenihakikishia hilo. Nikachukua bendera yangu ya reli, nikapanda mpaka karibu na kichwa cha mteremko, nikasimama mahali ambapo dereva angeniona akiwa bado mbali. Hili mlishike, hasa ninyi mnaopewa vibarua vya kushika bendera kwenye ujenzi: usisimame penye hatari, simama pale ambapo mtu anaweza bado kubadili nia. Na nyuma yako pawe na mahali pa kurukia. Na usitazame uso wa dereva, maana uso unaweza kukuchekea. Tazama matairi ya mbele.

Kutoka kule juu niliwaona wote. Kundi kubwa, wanaume mbele na makoti yao ya kanisani, Mzee Odilo na fimbo, Leokadia na kanga nyeusi, wengine nyuma wanasukumana waone. Walikuja wamekunja nyuso. Bibi Skola alikuwa kwenye kigoda chake, juani, amenyooka. Nilikuwa nangoja kelele zianze.

Hazikuanza. Walipomfikia, Mzee Odilo alivua kofia. Akachuchumaa. Wote wakachuchumaa. Wallahi, wale watu waliotoka kumfukuza, walimsalimu kwanza! Wangefanyaje? Huwezi kumwambia mkubwa neno, hata neno baya, kabla hujamsalimu. Barabara nzima ikajaa watu waliochutama, migongo wameipa mlima, makofi yanasikika mpaka nilipo, pwa, pwa, pwa, na sauti ya bibi ikiuliza, "Ni nani hao? Ni wa nani?" Leokadia naye, aliyekuwa ameapa hamsalimii, alipiga magoti peke yake, mbali kidogo na wenzake, mahali ambapo barabara ilikuwa imebakia wazi.

Nami nikasikia changarawe.

Sikungoja kuhakikisha kama nimesikia sawasawa. Niliingia katikati ya njia, nikanyoosha mkono wote na bendera, nikaipunga kama nilivyofundishwa, kwa mwendo mpana. Lori lilikuwa linakuja limezimwa, magunia yamepanda mpaka mawinguni. Dereva aliniona. Nikaona matairi ya mbele yanayumba, halafu nikasikia anahangaika kuwasha injini, inakataa, inakataa, inashika. Gia ikaingia kwa kishindo, lori likapiga yowe. Nilirukia mtaroni. Lori likanipita, likapunguza, likapunguza, likaserereka ubavu kwenye tuta la udongo wa mtaro niliokuwa nauzibua, likasimama kidogo tu kabla ya kulifikia kundi. Gunia moja likaporomoka, likabingirika mpaka karibu na magoti ya Leokadia.

Hakuna aliyeguswa. Watu walikuwa bado wamechuchumaa, wamegeuza shingo tu, wanatazama ile bampa. Hawakuwa wamesikia kitu mpaka lori lilipopiga yowe.

Bibi, ambaye hakuwa amesikia vizuri hata hilo yowe, aliuliza, "Mbona hamnijibu? Nimeuliza ni wa nani."

Leokadia ndiye aliyeelewa kwanza. Alitazama mahali alipopiga magoti. Akatazama lori. Akamtazama mama yake. Akasema kwa sauti ndogo, nami nilikuwa nimeshafika karibu nikamsikia, "Kaloli alikuwa anakusalimu." Halafu akasema tena kwa nguvu, "Mama, Kaloli alikuwa anakusalimu tu!" Akaenda kwa magoti mpaka kwenye kigoda, akaweka kichwa kwenye blanketi la mama yake, akalia kilio ambacho nadhani alikuwa amekizuia tangu mazishini. Bibi alikuwa anampapasa kichwa na kuuliza nani amekufa tena. Mimi nililia pia, bendera mkononi.

Msifikiri basi shaka iliisha. Sisi ni watu, na hapa ni hapa. Mzee Odilo alinivuta pembeni, akaniuliza, "Anastazi, nijibu kweli. Ulijuaje kwamba lori linakuja?" Nikamwambia nilisikia changarawe. Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Baadaye nikasikia minong'ono imehamia kwangu: yule wa reli anajua ajali kabla hazijatokea, yule alipanga mawe meupe. Hiyo ndiyo shukrani niliyopata, na hadi leo kuna nyumba hapa Kizwite sipewi maji ya kunywa. Lakini kamchape hawakuitwa.

Kazi ya kurekebisha ilikuwa rahisi kuliko kuifikiria. Watu wa ofisi yetu ya barabara walitaka kumhamisha bibi. Nikasema, mtu wa umri ule ukimhamisha umemzika. Tuhamishe jua. Genge langu likaja siku moja, tukafyeka minyaa, tukabomoa lile jiko na kulijenga upya upande wa machweo, tofali kwa tofali, na Leokadia ndiye aliyekuwa anatupikia. Asubuhi iliyofuata jua likaingia uani mpaka kizingitini. Mwanzoni bibi hakuliamini. Alisimama mlangoni anachungulia, kisha akatoa kigoda, akakiweka, akakaa, akasema limechelewa miaka mingi.

Kipupwe kilichofuata hakuna aliyegongwa pale. Wapo waliosema ni kwa sababu bibi alitubu. Wengine walisema nilimfunga kwa dawa. Sikubishana nao.

Bibi Skola aliishi baada ya hapo mpaka akamfundisha mjukuu, mtoto wa Kaloli, kupepeta ulezi. Naye alianzisha sheria yake. Ukimsalimu ukiwa barabarani, haitikii. Piga makofi mpaka viganja viwake, anakutazama tu, kimya. Ukiingia ndani ya ua, ukaacha barabara nyuma yako, hapo ndipo anaanza, "Ni nani? Wa nani?" Watu walisema bibi amekuwa na kiburi. Mimi nilijua ni hesabu ya mkwe wake anayoilipa kila siku.

Ninyi siku hizi hamchuchumai. Mnanipita na pikipiki, mnainua kidole, "Shikamoo mzee Bendera!" na kabla sijafungua mdomo mmeshafika Mazwi. Wengine mnazima injini kwenye mteremko kubana mafuta, nawasikia, msidhani siwasikii. Halafu mnalalamika kijiweni kwamba yule mzee ni mkali, ukimsalimu hajibu, pengine yale yanayosemwa juu yake ni ya kweli.

Semeni. Mimi nipo uani kila asubuhi, jua linaingia vizuri. Zima pikipiki yako, itie jiwe, ingia ndani ya ua. Kisha unisalimu, uone kama sitaitikia.